Huyo winga wako wa Kijapani: usimjibu baba yake kabla hujasoma hapa

Mkuu, kama bado hujamjibu baba wa huyo kijana, usimjibu leo. Umeuliza mambo matatu: vijana gani wa Kijapani wameiva kwenda Ulaya, vibali vya kazi vinapatikanaje, na dau zao zikoje. Halafu mwishoni, kama kitu kidogo tu, ukagusia kwamba winga wako wa miaka 18 ana ofa mbili, moja ya klabu ya kati Ubelgiji na nyingine ya kikosi cha pili cha klabu kubwa Hispania, nawe umeshamwelekeza kwenye ile kubwa kwa sababu jina litambeba. Nimesoma hapo mara tatu, usingizi ukakata.

Nilisoma Japani, baadaye nikahamia Genk, Ubelgiji, kumfuata mke wangu. Kwa kuwa Kijapani nakiongea, ofisi moja ya wakala ikawa inaniita kutafsiri. Hiyo ni 2018, Samatta anafunga pale Genk mpaka majirani wananisalimia kwa jina lake, na nusu saa kwa gari kuna klabu ya Sint-Truiden, ambayo kampuni ya Kijapani ya DMM ilikuwa imeichukua mwaka uliotangulia na kuanza kuleta vijana wa kwao. Ghafla kila mwenye simu mbili akawa mtaalamu wa Japani. Mimi nami nikatolewa kwenye ukalimani nikaitwa mshauri wa familia, na nikakubali.

Kijana tuliyekuwa tunamshughulikia alikuwa na miaka 19, winga wa kushoto, wa mkoa wa Saitama. Ofa zake zilikuwa kama hizo zako: klabu ya kati ya Ubelgiji iliyokuwa imemuuza winga wake wa kushoto wiki chache kabla, na kikosi cha pili cha klabu kubwa ya nchi nyingine. Tulikutana na wazazi kwenye mgahawa karibu na stesheni. Baba ni fundi wa viyoyozi. Alikuja na daftari dogo na penseli iliyochongwa vizuri, akaviweka mezani, akasikiliza. Wakala aliongea karibu dakika 40: viwanja vya mazoezi, madaktari, mastaa atakaopishana nao koridoni, thamani itakavyopanda. Baba hakuandika hata herufi moja.

Wakala alipomaliza, mzee akanigeukia mimi. "Atacheza lini?" Nikatafsiri. Wakala akasema ndani ya miezi sita atakuwa anaanza. Nikatafsiri. Mzee akauliza tena, "Kwenye namba yake sasa hivi yupo nani?" Wakala akacheka, akasema hayo ni ya kocha. Na hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumfikishia mzee jibu lile kama lilivyotoka, nililainisha. Nilimwambia kocha anamhitaji sana mwanawe. Mzee akashika penseli akaandika. Ndiyo sentensi pekee aliyoiandika siku ile, na niliitunga mimi.

Dogo akasaini kwenye kile kikosi cha pili, na kwenye namba yake walikuwapo watatu. Mmoja amelelewa na akademi ya hapohapo tangu utotoni, wa pili amenunuliwa kwa pesa nzito msimu uliopita, wa tatu anashushwa kutoka kikosi cha kwanza kila anapopona majeraha. Yote hayo ningeyajua kwa nusu saa ya kukaa na orodha ya kikosi na karatasi. Sikukaa. Kocha niliyesema anamhitaji alifukuzwa Oktoba, na aliyekuja hakuwa anajua hata kulitamka jina la kijana.

Msimu wa kwanza alicheza dakika 64 za ligi, mkuu. Sikukosea kuandika.

Februari nilikwenda kumtazama. Mechi ya usiku, baridi inakata masikio. Kuanzia dakika ya 60 alikuwa nyuma ya goli anapasha misuli, kizibao cha njano juu ya jezi. Dakika ya 86 akaitwa. Akavua kizibao, akavuta soksi, akasimama kwenye mstari pembeni ya mwamuzi wa akiba. Mpira ukawa hautoki nje. Ukaenda huku, ukarudi, ukaenda tena, refa akamaliza mechi dogo bado amesimama palepale. Tulipofika kwenye gari simu yake ikaita. Kwao Japani ilikuwa inakaribia saa 12 asubuhi. Baba na mama walikuwa wameamka saa 10 alfajiri kutazama. Akawaambia, "Leo nilikaribia."

Alirudi Japani baada ya misimu miwili, ligi daraja la pili, ana miaka 21 na miguu iliyosahau mechi. Na yule wakala? Alilipwa siku ya saini! Baba alipompigia kuuliza, hakupokea, akaniachia mimi nimfafanulie mzee kwa Kijapani cha heshima kwa nini miezi sita imekuwa miaka miwili. Mtu aliyeahidi mbele ya wazazi, akala chakula walichokilipia wao, halafu anajificha nyuma ya mkalimani! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.  

Sasa nisikilize. Kabla ya jina la klabu, kabla ya mshahara, uliza namba. Nani yuko mbele yake, ana umri gani, mkataba wake unaisha lini, na msimu wa kwanza dogo atapata dakika ngapi. Ukikosa majibu ya maandishi, hiyo ofa haipo.

Angalia Wajapani waliopita. Kamada alifika Frankfurt ya Ujerumani 2017, mwaka wa kwanza hakupata nafasi ya maana. Akapelekwa kwa mkopo Sint-Truiden, akacheza kila wiki, akafunga zaidi ya mabao 10, akarudi Frankfurt mtu mwingine, na 2022 wakabeba Europa League naye akiwa ndani. Endo alipita Sint-Truiden hiyohiyo, kisha Stuttgart, kisha Liverpool. Tomiyasu naye: Sint-Truiden, Bologna, Arsenal. Mitoma alisajiliwa na Brighton 2021, wakampeleka kwanza Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji. Kuna siku aliingia mapumziko timu iko nyuma 2-0 dhidi ya Seraing, wamebaki 10 uwanjani, akapiga mabao matatu wakashinda 4-2. Huwezi kupiga mabao matatu ukiwa nyuma ya goli na kizibao.

Upande wa pili, Meshino alitoka klabu ya Gamba Osaka ya Japani 2019 kwenda Manchester City, akazungushwa kwa mkopo Hearts, Rio Ave na Estoril, akarudi Gamba 2022 bila kuichezea City hata mechi moja. Kubo, kwa kipaji kile, alisajiliwa Real Madrid na miaka 18, akapelekwa kwa mkopo Mallorca, Villarreal, Getafe, Mallorca tena. Alitulia alipofika Real Sociedad 2022, mahali alipokuwa na namba. Kama Kubo aliyepitia akademi ya Barcelona na anaongea Kihispania alihangaika hivyo, huyo wako anayeanza na "hola" atafanyaje?

Vibali na dau tuviache kwanza. Umetaka majina ya sasa. Ryunosuke Sato, aliyezaliwa 2006, wakati huo mali ya FC Tokyo, 2025 aliazimwa na Fagiano Okayama iliyokuwa imepanda ligi kuu kwa mara ya kwanza, akacheza, na Juni mwaka huohuo akaichezea timu ya taifa. Ona, hata ndani ya Japani kwenyewe alishuka ili acheze. Keisuke Goto, mshambuliaji wa 2005, alikuwa timu ya vijana ya Anderlecht ya Ubelgiji, akaenda Sint-Truiden kutafuta dakika. Na usiwadharau wa vyuo vikuu kwa sababu wana miaka 22. Mitoma alikataa mkataba wa Kawasaki Frontale akiwa na 18, akaenda kusoma chuo cha Tsukuba kwa sababu aliona bado. Ueda katoka chuo cha Hosei, akapita klabu ya Kashima, kisha Cercle Brugge ya Ubelgiji akafunga 22 kwenye ligi msimu wa kwanza, Feyenoord wakaja.

Rudi kwenye ile ofa ya Hispania. Niandikie hapa mawinga wote wa kushoto waliopo kwenye hicho kikosi cha pili, umri wao na mwaka mikataba yao inapoisha. Natoka kazini saa 2 usiku, nitakaa nayo. Mzee wa watu msubirishe mpaka kesho.