Kuhusu hitima na misa ya marehemu

Ndugu yangu, umeuliza iwapo hitima (kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu) na misa ya marehemu ya Wakatoliki, ambazo hapa Bagamoyo huhudhuriwa na majirani wale wale, zinatokana na imani moja. La, ingawa zote mbili humwombea maiti. Kwa Waislamu, maiti akishalazwa kwenye mwanandani, yaani shimo la ndani ya kaburi, na kufukiwa huingia barzakhi, maisha ya kati ya kifo na ufufuo, ambako malaika Munkari na Nakiri humuuliza Mola wake ni nani, dini yake ni ipi na Mtume wake ni nani. Ndiyo maana wazee wetu husoma talkini, maneno ya kumfundisha maiti, pale kaburini, kana kwamba wanamkumbusha majibu, jambo ambalo baadhi ya masheikh hulipinga. Wakatoliki, ambao misheni yao ilianza hapa mwaka 1868, huziombea roho zinazotakaswa toharani, yaani mahali pa kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, hasa tarehe 2 Novemba. Walutheri hawaikubali toharani. Mizimu, yaani roho za wahenga, ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hapo marehemu haombewi bali ndiye anayeombwa. Hata kaburi la Sharifa, mwanamke wa ukoo wa Mtume, kwenye magofu ya Kaole karibu na hapa huendewa na wenye haja zao, na kwa maoni yangu desturi hiyo iko karibu zaidi na mizimu kuliko msikiti.