Naxos: tazama mlima na upepo kabla ya kulipia chumba

Safari yangu ya kwanza Naxos, kisiwa cha Ugiriki, nilichagua chumba kwa picha za bahari, ramani sikuigusa. Nikafika Agosti, meltemi umepamba moto. Huo ni upepo wa kaskazini wa kiangazi, na huvuma anga likiwa safi kabisa, kwa hiyo usitegemee wingu likutahadharishe. Mchanga ulinichoma miguu kama sindano. Siku ya kuondoka, meli hazikuruhusiwa kutoka bandarini, na ndege yangu ya kutoka Athens ikaniacha. Vuka urudi bara siku moja kabla ya ndege. Hilo silijadili tena na mtu.

Siku hizi nafikia Agios Prokopios, pwani ya magharibi, ambako kilima cha Stelida kinatukinga. Mikri Vigla, kusini zaidi, nimewaachia wanaopanda mbao zenye tanga. Wao huo upepo ndio walioufuata.

Ila ukiishia ufukweni, Naxos hujaiona. Kisiwa kina takriban kilomita za mraba 430, kama robo ya Unguja, lakini safu ya milima imekipasua toka kaskazini hadi kusini. Zas, wenye mita 1,004, ndio mrefu kuliko yote katika Cyclades, kundi la visiwa ambamo Naxos imo. Milima hiyo hunasa mawingu ya majira ya baridi, ndiyo maana hapa kuna mabonde ya kulima. Agiza viazi vya kukaanga na jibini la graviera, vyote vya hapo hapo. Mimi sahani nilirudisha tupu.

Kodi gari upande Apeiranthos, kijiji cha milimani. Vichochoro vyake vimetandikwa marumaru iliyolainishwa na nyayo hadi inang'aa. Nilivaa ndala, nikateleza mbele ya wazee waliokuwa wakinywa kahawa. Walicheka kwanza, ndipo wakaninyanyua. Vaa raba. Watu wa huku waliishi kwa kuchimba jiwe la msasa, lililoshushwa likining'inia kwenye nyaya hadi bandari ya Moutsouna. Minara ya nyaya hizo utaiona njiani.

Katika mji wa Naxos kuna Kastro, ngome ya Wavenisi, watu wa Venice, waliokuja na kiongozi wao Marco Sanudo mwaka 1207, na Portara, mlango wa marumaru wa hekalu lililoanza kujengwa karibu mwaka 530 kabla ya Kristo, lisimalizike. Jua likizama watu hujazana pale kama sokoni. Mimi huenda alfajiri, nikawakuta paka tu.