Smuts alishindwa na tumbo, si na bunduki

Unauliza kwa nini Smuts, jenerali wa Waingereza mwenye jeshi kubwa kuliko la Wajerumani, hakumkamata kamanda wao von Lettow-Vorbeck huku Afrika Mashariki mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jibu langu: chakula na usafiri. Smuts alipenda kwenda mbio ili amzungushe adui, kwa hiyo askari wake waliacha ghala zao mbali sana nyuma. Tazama Kondoa Irangi, Aprili 1916: van Deventer, jenerali wa Smuts, aliingia masika yakiwa yamepamba moto, barabara ni tope tupu, farasi wanakufa kwa mbung'o na maradhi. Akakwama hapo kwa wiki kadhaa, watu wake wakiugua na kula nusu posho.

Mzigo ukahamia vichwani mwa wapagazi. Na mpagazi naye hula, kadiri safari inavyorefuka ndivyo anavyofikisha kidogo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria, na hilo linaniuma kuliko habari zote za majenerali. Jina Kariakoo linatokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Lettow naye aliishiwa. Novemba 1917 alivuka Ruvuma, akateka ghala la Wareno huko Ngomano, Msumbiji, akajipatia bunduki, risasi na dawa.