Gita moja kwa mitindo mingi

SWALI: Nimepiga gita kwa miaka kumi na sasa nina akiba ya kununua gita la akustika la daraja la juu. Huwa nacharaza nikiimba, lakini pia napenda kudonoa nyuzi kwa vidole. Nichague lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na umbo, kwa kuwa ndilo linaloamua mengi. Gita kubwa la umbo la Dreadnought lina besi nzito inayobeba sauti ya mwimbaji, ila mdonoo mwepesi wa vidole huweza kumezwa na besi hiyo. Mimi ningekuelekeza kwenye umbo la OM (Orchestra Model), ambalo kampuni ya magita ya Martin ilianza kulitengeneza mwaka 1929: kiuno chake ni chembamba, sauti za nyuzi zake zimelingana, na bado linastahimili kucharazwa kwa nguvu ya wastani.

Ubao wa juu uwe wa mti wa sprusi, kipande kizima, si wa tabaka zilizogundishwa. Mgongo wa rozwudi hutoa mwangwi mrefu, na wa mahogani hutoa sauti kavu iliyo wazi; hapo sikio lako ndilo hakimu.

Shingo ipime kwa mkono. Upana wa milimita 44.5 pale nyuzi zinapoanzia huwapa vidole nafasi bila kuuchosha mkono unaobana kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kabla ya kulipa, donoa uzi mmoja polepole kisha usikilize unavyofifia, halafu ucharaze kwa nguvu zako zote. Sauti ikianza kukwaruza, liache.