Maji ya Nyando, Mau na hesabu za kompyuta: maswali yenu

Hapa Ahero hakukunyesha hata tone na bado mto Nyando ikaingia kwa nyumba usiku. Hayo maji hutoka wapi?

Juu. Mvua ikipiga Tinderet na milima ya Nandi jioni, maji yanateremka kwa vijito, yakifika Kano palivyo tambarare yanakosa pa kukimbilia basi yanatandaa. Hiyo safari ina muda wake na huo muda ndio modeli, yaani programu ya kompyuta ya kuhesabu maji yanavyotembea, inautafuta, maana hata masaa manne yanatosha kutoa watoto na ng'ombe.

Kompyuta inajuaje? Si inakisia tu?

Haikisii. Unakata bonde lote la mto vimiraba vidogovidogo, kila kimoja unakipa mteremko wake, udongo wake, mimea yake, alafu unakinyeshea mvua na inapiga hesabu kila baada ya muda mfupi: maji gani yamezama, gani yamerudi hewani, gani yamemwagikia kimiraba cha chini. Kanuni zenyewe ni za kitambo, ya Darcy ya maji kupita kwa mchanga ni ya 1856, ya Richards ya udongo ambao haujashiba ni ya 1931, ila kwa bonde zima mkono hauziwezi.

Na udongo ndio unaamua mengi, jamani. Chukua mkebe mkubwa, toa juu na chini, gongelea kwa ardhi, mimina maji. Chini ya mti yanazama ukiangalia, kwa njia ya ng'ombe yatakaa hapo mpaka uchoke kusubiri. Ule udongo mweusi wa Kano nao ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua ya kwanza inamezwa yote na nyufa, ukishavimba ukajifunga mvua ileile inabaki juu. Kwa hivyo lazima modeli iambiwe jana ardhi ilikuwaje.

Niko Njoro. Modeli inaweza kuonyesha msitu wa Mau ukifyekwa itakuwaje?

Ndiyo, unaendesha mvua ileile mara mbili, na msitu alafu bila. Milimita 10 kwa ekari moja ni kama lita 40,000, mitungi 2,000 ile ya lita 20! Msituni mengi yanazama na kutoka polepole, kwa ardhi iliyokanyagwa yanakimbilia mtoni na matope yake mpaka Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kutoka, basi matope yanabaki humo.

Sisi wa Budalang'i, kule chini kwa mto Nzoia, tuiamini hiyo modeli?

Uliza kwanza kama wameilinganisha na mafuriko ambayo hayakutumika kuitengeneza. Nzoia inakusanya maji kutoka Cherangani mpaka Elgon, dhoruba ikipita mahali hakuna kipima mvua modeli haitaijua. Ile alama ya matope kwa ukuta wako, usiioshe kabla hujaipima kutoka chini na kuandika tarehe, maana ndiyo ya kulinganishia modeli.