Umesimulia Kesi, Hujaipima

SWALI: Katika sheria ya ardhi tumepewa kazi ya kuandaa orodha ya marejeo 10, kila rejeo na maelezo ya maneno 150. Mada yangu: wakazi waliojenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani wana haki ya fidia? Nimefupisha kila hukumu, kazi imerudi na wino mwekundu: "Umesimulia tu." Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kirumba, Mwanza

JIBU: Mwalimu anataka kujua kila rejeo linabeba nini katika swali lako, na linaishia wapi. Kwa maneno 150, kisa kisizidi 40, hoja iliyoamua shauri 40 hivi, zilizobaki zote ziwe tathmini.

Chukua kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake [1995] TLR 80 (TLR ni Tanzania Law Reports, juzuu za ripoti za kesi; 80 ni ukurasa). Nani alimshitaki nani hatuhitaji kwanza. Andika hivi: "Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, haiondolewi bila fidia ya haki. Inawafaa wakazi wanaomiliki kimila, si wenye hati za mjini. Haigusi mita 60, kwani katazo hilo liliwekwa miaka 10 baadaye na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004." Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye alama.

Angalia na mwaka. Hukumu hiyo ilitolewa Desemba 1994. 1995 kwenye mabano ni mwaka wa juzuu ya ripoti. Wengi huandika "mwaka 1995 Mahakama iliamua", na msahihishaji anajua papo hapo kwamba hukumu yenyewe hawakuifungua. Ipo bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Ule muhtasari wa juu ya hukumu kwenye ripoti ni wa mhariri. Usiunukuu kama maneno ya jaji.

Kifungu cha 57 nacho kisome neno kwa neno. Hakitaji nyumba: kinazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo. Hapo una hoja ya kujenga. Kila sheria itaje toleo la marekebisho ulilosoma, la 2002, 2019 au 2023, kwa sababu namba za vifungu huweza kuhama.

Panga Katiba, sheria, kesi, kisha vitabu na makala. Habari za magazeti kuhusu bomoabomoa zisiingie katika hizo 10.