Miguu ya farasi: kabla hujasema "huyu hafai"

Wewe uliyeanza kazi ya usaisi zizini hivi karibuni, au uliyetoka chuo cha mifugo ukaitwa Kigamboni, Dar es Salaam, kuangalia farasi anayeuzwa, swali hili litakufikia mapema: "Miguu yake imepinda. Atafaa kupandwa?" Watakukazia macho wakisubiri ndiyo au hapana. Usiwape jibu papo hapo. Kupinda kwa mguu kunakuonyesha uzito unaangukia wapi. Kama uzito huo utamdhuru au la, inategemea atafanya kazi gani, na mguu wenyewe umeshavumilia nini.

Msimamishe kwenye saruji au ardhi ngumu iliyo tambarare. Mchangani kwato huzama na huoni kitu. Akishatua miguu yote minne sawasawa, simama mbele yake uvute kwa macho mstari kutoka ncha ya bega kwenda chini: unatakiwa kupita katikati ya goti, kifundo na kwato. Kisha mtazame ubavuni, halafu nyuma. Mtembeze hatua chache, msimamishe tena, rudia. Farasi aliyechoka au aliyejiegemeza huonekana ana kasoro ambazo hana.

Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake, kwa hiyo kasoro za mbele zina uzito zaidi. Watu wengi huona kwanza kwato zilizogeuka. Aliyezielekeza ndani huurusha mguu nje anapokwenda. Hapendezi, lakini mara nyingi anafanya kazi vizuri. Aliyezielekeza nje huurusha mguu ndani, na huyo anaweza kuugonga mguu wa pili. Papasa upande wa ndani wa kifundo na wa muundi, ule mfupa kati ya goti na kifundo, utafute makovu. Ukikuta pasafi kwa farasi mwenye miaka kadhaa ya kazi, kasoro hiyo isikunyime usingizi. Seattle Slew, farasi wa mbio wa Marekani, mguu wake wa mbele wa kulia ulikuwa umegeuka nje waziwazi. Aliuzwa dola 17,500 mwaka 1975, na mwaka 1977 akashinda mbio zote tatu kuu za nchi ile bila kushindwa hata mara moja kabla yake.

Goti ndilo linalonitia wasiwasi. Mtazame ubavuni: goti likiwa limerudi nyuma, mguu kama umepinda kinyume, kila anapokwenda shoti mifupa midogo ya goti hubanwa upande wa mbele, na huweza kumeguka vipande. Farasi wa hivyo simshauri mtu amnunue kwa mbio wala kwa kuruka vizuizi, hata awe mzuri vipi. Kwa watoto wanaojifunza kwa mwendo wa kutembea na troti fupi, yaani mbio za polepole, anaweza kudumu. Goti lililotangulia mbele hutisha zaidi kwa macho, ila kama amezaliwa nalo madhara yake huwa madogo. Kama limeanza juzijuzi, tena mguu unatetemeka akisimama, hiyo ni habari nyingine: mwite daktari. Wapo pia ambao muundi wao hauko katikati ya goti, umesogea upande wa nje. Hao wapapase ndani, chini kidogo ya goti, utafute uvimbe mgumu wa mfupa.

Sasa sehemu kati ya kifundo na kwato, ambayo kwa Dar es Salaam naiangalia kuliko nyingine. Ikiwa ndefu na imelala, mpandaji anastarehe kwa sababu inapokea mshtuko, lakini kano za nyuma ya mguu zinavutwa kila hatua. Mpeleke farasi huyo kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, ule unaozama, na umezidisha mvuto huohuo. Ikiwa fupi na imesimama, kano zinasalimika ila mshtuko unapanda kwenye viungo. Huyo lami na ardhi iliyokauka wakati wa kiangazi ndizo adui zake, na mifupa huweza kuota kuzunguka kiungo. Ndiyo maana farasi wawili wa zizi moja wanahitaji njia mbili. Yule wa kwanza mtoe maji yakiwa yamepwa, apite kwenye mchanga uliolowa na kushikana. Yule wa pili mchanga wenye ulaini kiasi unamfaa, mradi asizame.

Miguu ya nyuma nitaigusa tu. Hoki, kile kiungo chenye ncha inayochomoza nyuma, kikipinda kupita kiasi huumia kwa kazi ya kuruka. Kikinyooka mno, kano za chini hupata shida na goti la mguu huo wa nyuma, lililo juu karibu na tumbo, linaweza kujifunga. Hoki zilizokaribiana kidogo tu ziache, ni jambo la kawaida.

Umri ndio utakaokusaidia kuamua. Farasi wa miaka 12 aliyefanya kazi, miguu yake ikiwa ya baridi ukiipapasa kwa mgongo wa mkono, haina uvimbe, hachechemei akizungushwa pande zote mbili, amekwisha kujibu swali lako. Mwenye miaka 3 na mpindo uleule bado hajajaribiwa, na bei yake inapaswa kuonyesha hivyo. Inua kila mguu utazame kiatu: chuma hulika upande unaobeba zaidi, kama tairi la bajaji lisilokaa sawa.

Atatokea mtu wa kukuambia kwamba mpindo unanyooshwa kwa kuchonga kwato. Kwa mtoto wa farasi ni kweli, tena mapema: penye kifundo nafasi kubwa ni miezi 3 ya kwanza, goti lina muda zaidi. Kwa farasi mzima mifupa imeshamaliza kukua. Ukimkata kwato upande mmoja ili aonekane amenyooka, unakisokota kiungo kilichokwisha kuzoea. Farasi mzima anahitaji kwato zilizosawazishwa kufuata mguu wake, kila wiki 6 hadi 8, na uangalizi zaidi masika kwato zinapolainika.

Ukimaliza, mwandikie mwenye mali kazi anayoiweza farasi: anafaa mafunzo ya watoto na matembezi, asirukishwe, ana kilo 400, basi mpandaji na tandiko wasizidi kilo 80, moja ya tano ya uzito wake, goti la kushoto lipigwe eksirei kabla ya kulipa. Akitaka uandike "anafaa" peke yake, muulize kwanza anafaa kwa kazi gani, na usiweke sahihi mpaka akujibu.